Kaburi la Babu Lipo Zizini

Miaka ya themanini, mtoto wa baba mkubwa, aliyezaliwa Ulaya, alikuja kwetu Samuye na wapiga picha wa televisheni kutengeneza kipindi kuhusu asili yake. Mimi nilikuwa mkalimani. Alitaka kulia kwenye kaburi la babu yetu, na baba akampeleka zizini, maana kwa desturi yetu babu alizikwa humo kama mwenye mji, mkuu wa kaya. Mwongozaji wa kipindi akaziba pua. Akachagua rundo la mawe kando ya shamba la pamba, akasema pale panapendeza zaidi.

“Yale mawe tuliyatoa tukichimba choo,” baba akaniambia kwa Kisukuma. “Mwambie ndugu yako.”

Nikamwambia. Ndugu yangu akatazama chini, halafu akapiga magoti palepale, akalia.

Baba akafungua zizi kwa hasira, ng'ombe wakapita katikati ya wapiga picha na vumbi lao. Nilidhani watatukana. Kumbe mwongozaji alishangilia.

“Baba, wanaomba uwarudishe ng'ombe, uwatoe tena,” nikasema, aibu imenijaa.

“Waambie ng'ombe wana kiu,” akajibu, akashika fimbo na kuelekea lamboni. Ndugu yangu akabaki anafuta machozi, ananiuliza baba mdogo amesema nini.