Jino la Minza na swali la "unasikia?"

Saa mbili asubuhi, Aurelia Ngwila anapulizia pamba dawa yenye baridi kali, anaishika kwa kibano na kuigusisha kwenye jino la mbele la Minza Mashimba. Haongei. Anautazama mkono wa binti huyo, uliotulia juu ya paja.

Mkono hautikisiki.

Aurelia, 52, ni tabibu wa meno katika kliniki ndogo mjini Ifakara. Minza, mwanafunzi wa kidato cha tatu, hutoka Mlimba. Daktari bingwa jijini Dar es Salaam alimfunga waya wa kunyoosha meno. Kazi ya kuukaza ameachiwa Aurelia.

"Watu huona waya tu," anasema. "Jino lina damu ndani. Ukilivuta, mishipa inayoingia kwenye ncha ya mzizi hubanwa. Damu hupungua, halafu mara nyingi hurudi. Ukivuta kwa pupa, huenda isirudi."

Kwa hiyo kila alipotaka kukaza, alipima kwanza. Baridi haionyeshi damu. Huonyesha kama jino lina hisia, na kliniki haina kipimo kingine.

"Unasikia?"

"Nasikia, mama."

Akakaza. Ikawa hivyo miezi mitatu, mpaka jino likaanza kuwa la kijivu.

"Nikamwuliza, mwanangu, si ulisema unasikia? Akasema, 'Nilikuwa nakusikia wewe, mama.'"

Minza anacheka, kiganja mdomoni. "Sasa ningejuaje? Nyumbani nikiulizwa 'unasikia?' ujue nagombezwa. Unaitika haraka!"

Aurelia hacheki. Siku ileile aliulegeza waya. Daktari bingwa alimwagiza kwa simu asubiri. Jino likikaa kimya hadi mwezi wa sita tangu siku hiyo, litatobolewa na mzizi kusafishwa.

Kliniki hiyo haina tabibu mwingine wa meno. Mume wa Aurelia alifariki, wanawe wako Mbeya. Jioni hula peke yake, redio ikizungumza.

"Hospitali kubwa kosa lina watu wa kulijadili," anasema. "Langu nalala nalo."

Huu ni mwezi wa tano tangu waya ulegezwe. Anachukua pamba mpya, ajaribu tena. Jino la jirani kwanza: mkono unaruka. Kisha lile la kijivu. Feni inazunguka. Kidole kimoja kinainuka, kinasita.

"Baridi au heshima?"

"Baridi, mama. Iko mbali, lakini baridi."

Aurelia haandiki kwamba limepona. Anaandika tarehe ya mwezi ujao, na chini yake agizo analotaka kulipeleka kwa matabibu wenzake wa bonde la Ifakara na Mlimba: usiulize, tazama mkono.