Bi Mwanahawa Alipovaa Koti la Babu

Enzi zetu, na msicheke, hata mtu wa kidato cha pili ana enzi zake, kijiji chetu cha ujamaa kule Rudewa hakikuwa na sinema. Tulikuwa na Bi Mwanahawa. Alianza kuchekesha watu kwenye kambi za mkonge kabla ya Uhuru, akimwigiza msimamizi Mzungu, ungo kichwani kama kofia. Kijijini akaongeza bwana shamba, mwenyekiti anayesinzia mkutanoni, na nyani wa Mikumi mwizi wa mahindi. Kwa nyani hakuhitaji vazi, midomo tu. Tulikaa vumbini, mahindi ya kuchoma mkononi, tukacheka mpaka wengine wakajikojolea. Majina ninayo.

Nilikuwa darasa la pili Babu alipofariki. Bibi akakaa mkekani, hali, hanywi. Shangazi zangu wakambembeleza kwa uji, kwa chai, akageukia ukuta. Nikamsikia mama akinong'ona, "Huyu naye atamfuata mzee."

Ndipo akaja Bi Mwanahawa. Yeye ni wa milimani, sisi wa tambarare, kwa hiyo ni mtani wetu, na msibani mtani ndiye mwenye ruhusa ya kumwigiza marehemu. Akavaa koti la Babu na kofia yake, akaburuza makatambuga yake ya matairi, akavua kofia, akakohoa, akaketi mbele ya Bibi.

"Mama Zuhura, na leo mboga haina chumvi?"

Bibi akamtazama weee.

"Mtani gani wewe, hujui kazi? Mume wangu alikuwa anakohoa kwanza, ndipo anavua kofia. Rudia."

Akarudia. Bibi akacheka, machozi yanamtoka. "Haya, mleteeni mzee uji."

"Mimi sili peke yangu, Mama Zuhura."

Wakanywa bakuli moja, mpaka likaisha.

Siku hizi wadogo zetu wanadhani kuchekesha ni kubandika ndevu za pamba na kuanguka. Kwenye kikundi cha maigizo cha shule hapa Kilosa, bingwa wa kuanguka ni mimi, kwa hiyo najua ninachokisema. Likizo nikirudi nyumbani namkuta Bi Mwanahawa barazani kwetu. Magoti hayamtii tena, nyani kastaafu. Shikamoo yangu anaiitikia kwa sauti ya mwenyekiti. Jioni Bibi humwambia, "Nifanyie mzee wangu kidogo," naye humfanya, palepale alipoketi.

Wa kumrithi Bi Mwanahawa simwoni. Siku akiondoka huyu, Bibi atafiwa na mume mara ya pili.