Ssenga Aliyesukuma Namba Saba

Leo bibi harusi amekwama kwenye matope, ndani ya gari langu!

Banange, jamani, nisikilizeni.

Ni lile gari kuukuu la rali la marehemu baba. Namba saba bado iko mlangoni. Sijaifuta na sitaifuta.

Mvua imenyesha mtaani kwetu Namuwongo. Tunatoka kwao bibi harusi kwenda kanisani, gurudumu la nyuma likazama. Wanaume wa suti wakabaki wanatazama viatu vyao.

Ssenga, shangazi yake bibi harusi, mama mtu mzima kabisa, akavua viatu, akapandisha gomesi yake, lile gauni refu la sherehe.

"Gari hii naijua! Nikiwa msichana ilikwama kwenye rali, karibu na kwetu, tukaisukuma. Nani alikuwa anaendesha?"

"Baba yangu, Ssenga."

"Basi washa!"

Akasukuma. Wenye suti wakaona aibu, wakamfuata. Gari likanguruma, likatoka!

Kutazama nyuma, gomesi yote ni matope. Nikasimama niombe msamaha.

"Unasimama nini?" akafoka. "Baba yako alitumwagia matope na hakusimama! Endesha!"

Nikakanyaga mafuta, bibi harusi anapiga vigelegele.

Waulizeni wazazi wenu: nani aliwahi kumwagiwa matope na namba saba?

Waliowamwagia ni sisi hao, baba na mimi.