Kinyozi aliyefunga kiti ili azunguke mwenyewe

Saa mbili na nusu asubuhi, kinyozi anakaza bolti chini ya kiti cha wateja. Kiti hicho kiliundwa kizunguke, lakini ni miezi kadhaa sasa hakizunguki. Mteja wa kwanza, seremala wa jirani, anaanza uchokozi.

"Kipara, kiti kimeharibika?"

"Kizima kabisa. Mbovu ni mimi," anajibu, na kucheka kumshinda mteja.

Wanamwita Kipara kwa kuwa kichwani hana hata unywele mmoja wa kujinyolea. Ana miaka hamsini na minane. Anawasha mashine, ananyoa upande wa kulia, kisha anahama polepole: mguu mzima, mguu mzito, mguu mzima. Mkono wa kushoto haushiki kitu. Mlangoni mkewe amekaa kwenye benchi, hapepesi macho.

Mwaka jana kiharusi kilimkuta akifunga duka, upande wa kushoto ukalegea. Baada ya wiki tatu hospitalini alirudi nyumbani akitembea, akadhani yamekwisha. Wapi! Ndani ya miezi minne alianguka mara tano.

"Mtoto akianguka anaambiwa pole," anasema. "Mimi nikianguka, nyumba nzima mayowe."

Mara ya tano aliificha. Aliteleza bafuni, akajikokota hadi kitandani, akadai amelalia ubavu vibaya. Siku ya tatu mkewe aliliona jeraha.

"Nilikasirika, nikalia, nikakasirika tena," anasema mama huyo, ambaye ni mshonaji. Siku hiyohiyo alifunika cherehani yake kwa shuka, akaanza kumlinda mumewe nyumbani na kazini. Wateja wake wa nguo wakahamia kwingine.

Hilo linamuuma Kipara kuliko mguu wenyewe. "Fundi mzima wa nguo, leo kazi yake kunitazama mimi! Naona haya."

Ndipo alipojiunga na mazoezi ya kusimama imara katika kituo cha afya, mara tatu kwa wiki. Huko wanainuka kwenye kiti bila kushika, wanageuka, wanavuka vizuizi, wanasimama kwa mguu mmoja. Mwalimu wao, mtaalamu wa tiba ya viungo mwenye umri sawa na binti yake, alishangaa kuona darasani anajitahidi lakini nafuu ni kidogo. Akamfuata dukani, akakaa saa nzima akitazama.

Kinyozi hakusogea hata hatua mbili. Alikizungusha kiti, mteja akamjia pale aliposimama. Alipoyumba, aliegemea kichwa cha mteja.

"Nilimwambia, mzee, hapa anayefanya mazoezi ni kiti," anasimulia mtaalamu. "Kifunge, kila kichwa ukizunguke kwa miguu yako."

Seremala anakiri kuwa aliegemewa sana. "Nilidhani ananipima homa," anasema.

Wiki ya kwanza, mkewe alisimama nyuma yake akishika mkanda aliofungwa kiunoni. Kichwa kimoja kilichukua karibu saa nzima, jasho likimtiririka. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Sasa kichwa ni dakika ishirini na tano, na kwa mguu wa kushoto anasimama sekunde kumi na mbili. Alianzia mbili. Ana miezi mitano hajaanguka, ingawa mtaalamu anamsisitizia asiache mazoezi.

Wiki hii mtaalamu amesema anaweza kuachwa peke yake dukani. Mkewe akaweka sharti lake: vichwa vitano mfululizo, bila kushika kitu.

Leo ndiyo siku yenyewe, na vitatu vinapita salama. Katika cha nne, Kipara anakanyaga nywele sakafuni na mguu mzito unateleza. Mkewe anainuka nusu. Kinyozi anazima mashine, anapanua miguu, anavuta pumzi, anasimama wima. Hajashika kitu. Mkewe anakaa tena.

Cha tano kinapokwisha, mama anachukua mkoba wake.

"Baba watoto, mimi naenda kufunua cherehani. Fagia hizo nywele kabla hujaita mwingine."

"Nimesikia, mama."

Kipara anafagia huku anatabasamu peke yake. Nyuma ya duka kuna chumba kidogo chenye dirisha, na mwaka huu anataka kukipaka rangi ili mkewe ahamishie kazi yake humo.

"Nataka siku nzima awe karibu nami," anasema, "asinitazame hata mara moja."