Mshono wa Mkono Mwingine

Kitu cha kwanza ambacho mtu yeyote angekigundua kwa mwanamke huyu ni kwamba alikuwa akiisema barabara. Nyumbani hakuwa mtu wa maneno. Wateja waliomletea makochi yaliyochanika walizoea kumweleza shida zao na kujibiwa kwa kutikisa kichwa, sindano ikiwa mdomoni. Lakini akishapanda baiskeli, hakufunga mdomo. "Shimo kushoto. Kokoto. Lori nyuma, kaa wima. Kilima kifupi, kanyaga." Aliyasema hayo bila kupaza sauti, kama mtu anayemsomea mgonjwa gazeti, na nyuma yake mumewe alikanyaga pale alipoambiwa akanyage.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya watu wawili, kiti kimoja nyuma ya kingine. Usukani wa mbele uligeuka; wa nyuma ulikuwa wa kushikia tu. Mume aliiunda mwaka huu huu kwa mikono yake, kwa kuunganisha fremu za baiskeli mbili kuukuu. Alikuwa fundi wa kuchomelea tangu ujana, mtu wa mageti na madirisha ya chuma, na mtaani walimwita Cheche. Enzi zile aliona miwani ya giza ni mambo ya waoga. Alichomelea kwa jicho moja huku amefumba lingine, kisha akabadilisha, akijidanganya kwamba anayapumzisha. Sasa yote mawili yalikuwa yakimzimikia. Katikati ya kila alichokitazama palikaa doa kama moshi, na doa lilizidi kutanuka. Daktari alimwambia hakuna dawa, azoee tu.

Ndipo alipoikumbuka ahadi ya zamani. Siku za uchumba alikuwa akimbeba mchumba wake kwenye keria, na kila kiangazi waliambiana kwamba wataifuata barabara ile kuu mpaka mwisho wa lami. Kila kiangazi kazi ziliwabana.

"Mwaka huu tunaenda," Cheche alisema siku moja mezani, akipapasa kutafuta kikombe. "Kabla moshi haujafunga kabisa."

Mkewe hakumuuliza kwa nini mwisho wa lami na si kwingine. Alijua ni nani anayeishi huko.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, aliyekulia kwenye vumbi la chuma. Macho ya baba yalipoanza kufifia, kijana ndiye aliyegundua kwanza. Mishono ya baba ilianza kukwepa mahali pake. Ilionekana minene juu, kumbe chini chuma hakijashikana. Kijana hakusema neno. Kila baba alipokwenda kula, yeye alirudi kwenye geti, akasaga pale palipoharibika na kuchomelea upya. Kazi zikatoka salama, wateja wakasifu, na baba akaendelea kutembea kifua mbele.

Lakini Cheche alikuwa na desturi yake. Kazi haikutoka karakana kabla hajapitisha dole gumba juu ya kila mshono, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Siku moja, mteja akiwa amesimama pale pale, dole gumba lilisimama katikati ya geti. Mshono wa Cheche ulikuwa na vijikunjo vidogo vilivyobanana kama magamba ya samaki. Huu ulikuwa laini na bapa. Ulikuwa wa mkono mwingine.

"Karakana hii ina fundi mmoja," alisema, mbele ya mteja. "Asiyelijua hilo, mlango uko wazi."

Kijana aliweka mashine ya kusagia chini, akatoka bila hata kunawa mikono. Mama alipofika na chakula, aliambiwa kijana ameshaondoka na gari la abiria. Tangu siku hiyo kijana alimpigia simu mama peke yake, saa ambazo alijua baba hayupo. Alikuwa na karakana yake sasa, kule lami inakoishia. Baba hakuwahi kulitaja jina la mji ule tena. Alisema tu "mwisho wa lami", kana kwamba huko hapakuwa na watu, palikuwa na lami tu inayokwisha.

Ndiyo maana mama alikanyaga. Hakuwa na shauku yoyote ya kuona nchi. Alitaka jambo moja: baba na mwana wasimame mlango mmoja wakati baba bado anaweza kuona hata kivuli cha sura ya mwanawe.

Wifi yake, dada mdogo wa Cheche, aliwasindikiza na gari la kusambazia mikate. Aliomba likizo kwa mwajiri wake na kuliomba gari humo humo, na hakuna aliyeelewa alipewaje vyote viwili. Alikuwa akitangulia, akiegesha penye kivuli, akifungua milango ya nyuma na kuwasubiri na maji, machungwa na mikate iliyobondeka.

"Kaka, umepungua," alimwambia siku ya kwanza. "Shati linakuvaa."

"Leta mkate, acha maneno."

"Na wewe wifi, umepata nini kwa huyu? Wenzako wanapelekwa matembezi kwa gari, wewe unamvuta mzee juani kama mkokoteni."

"Simvuti, anakanyaga," alijibu mke wa Cheche.

"Anakanyaga au anaweka miguu tu? Hebu siku moja geuka umwangalie."

Walicheka siku ile. Baadaye vicheko vilipungua. Jua liliwachoma mpaka ngozi ya shingo ikachubuka. Malori yaliwapita karibu mno, upepo wake ukiwasukuma pembeni, na kila lilipopita moja mwanamke alihisi mumewe nyuma yake amekauka kama gogo, kwa kuwa alisikia kishindo asichoweza kuona kinatokea wapi. Mahali fulani Cheche alishuka kwenda haja, na alipoanza kurudi akapotea. Walimkuta shambani mwa watu, mikono mbele, akiielekea nyumba iliyokuwa upande mwingine kabisa. Mbwa walikuwa wakimbwekea. Alimwambia dada yake kwamba alikuwa akinyoosha miguu, na hakuna aliyembishia.

Mchana mmoja, Cheche akiwa amesinzia ndani ya gari kati ya makreti, mkewe aliigeuza baiskeli ili aifute vumbi. Chini ya kiti cha mbele, pale fremu mbili zilipounganishwa, aliona ufa. Ulikuwa mwembamba kama unywele. Alipoukandamiza ulifunguka, kisha ukafumba.

Alichuchumaa pale akiwaza. Ng'ambo ya barabara palikuwa na karakana; alisikia hata mlio wa mashine. Lakini kumwita fundi mgeni ni kumwambia Cheche kwamba mshono wake umekufa, na akiambiwa hivyo angegeuza safari. Mwanamke huyu alimjua mumewe. Angekwenda kwa mwanawe akiwa amekalia kazi ya mikono yake mwenyewe, au asingekwenda kabisa.

Basi akafanya kile alichokuwa akikijua. Alitoa kwenye mfuko wake kipande cha ngozi, akakilowesha, akakizungusha kwenye bomba na kukivuta mpaka vidole vikawa vyeupe. Kisha akakishona kwa msharasi, sindano yake nene ya ngozi, na uzi wa nta, kama anavyoshona mkono wa kochi.

Wifi alimkuta hapo. "Unafanya nini?"

"Natengeneza kiti."

"Kiti kiko kule, wifi. Hilo ni bomba." Aliinama, akatazama, na uso ukambadilika. "Mungu wangu. Mwambie."

"Nikimwambia hafiki."

"Na hili likikatika mteremkoni?"

"Ngozi ikikauka inabana. Nitakwenda polepole."

"Ngozi," wifi alisema. "Kijana alifukuzwa kwa kumrudishia kazi yake kichinichini. Wewe unafanya kitu kile kile, tena kwa uzi."

Mwanamke alikata uzi kwa meno. Wifi alikuwa amesema kweli tupu.

Kesho yake alishika breki karibu kila hatua. Roho ilikuwa mkononi. Aliisema barabara kama kawaida, ila sauti ilikuwa imepanda kidogo, na mtu anayeishi kwa masikio hakosi kitu kama hicho.

"Mbona unaendesha kama umebeba mayai?" Cheche aliuliza.

"Kokoto nyingi."

"Sisikii kokoto."

"Fundi, kanyaga."

Mteremko ulikuwa mrefu, na mwisho wake palikuwa na daraja. Walikuwa wamekwisha kulivuka daraja, ndipo lori la mchanga lilipowapita na kupiga honi. Mwanamke alikwepa, gurudumu likaruka ukingo wa lami, na chini yake kitu kikalia kama mfupa unaovunjika. Baiskeli ilijikunja katikati. Alikumbuka tu kwamba alisema "shika", ingawa hapakuwa na cha kushika.

Walikuwa mtaroni. Mkono wake wa kulia, mkono wa sindano, ulikuwa umeanza kuvimba kwenye kifundo na vidole havikukubali kukunjika. Cheche alikuwa akivuja damu kwenye muundi. Hakujigusa. Alikuwa akitambaa, akipapasa majani, mpaka akalipata bomba la fremu, na dole gumba likaanza safari yake.

Lilikuta ngozi. Lilifuata mshono wa uzi, tundu kwa tundu, mpaka kwenye fundo. Mkewe alimtazama. Alikuwa akingoja sentensi ile ile, ya fundi mmoja na mlango ulio wazi.

"Huu mkono wako," alisema Cheche.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Jana. Ulipokuwa umelala."

Cheche alisukuma ngozi pembeni, akaingiza kidole mahali chuma kilipoachana, na akakizungusha humo kwa muda mrefu. Dada yake alikuwa ameshafika, akihema, akaona hali ilivyo na kunyamaza kwa mara ya kwanza tangu waondoke nyumbani.

"Hapa sikushika kabisa," Cheche alisema. "Nilichomelea pembeni. Nilikuwa nachomelea hewa." Kisha akauliza, "Na mageti? Yale ya mwisho mwisho. Yote yalikuwa hivi?"

Mkewe angeweza kumdanganya. "Mengi," alisema.

Wifi alijaribu kuokoa. "Kaka, tupakie haya machuma kwenye gari. Jua halitatua kabla hatujafika. Wifi aonwe na daktari, tupumzike, mengine baadaye."

"Mpeleke wifi yako."

"Siendi bila wewe," alisema mkewe.

Cheche alifuta damu ya mguu kwa kiganja, akafuta kiganja kwenye majani. "Kijana una namba yake?"

"Ninayo."

"Piga."

Alipiga kwa mkono wa kushoto, akamwekea mumewe simu sikioni. Upande wa pili ilisikika mashine ya kusaga, kisha mashine ikazimwa.

"Mama?"

"Ni mimi."

Mashine haikuwashwa tena.

"Baiskeli imekatika," Cheche alisema. "Kwenye mshono wangu."

"Mama yuko salama?"

"Mkono umevimba. Lete mashine."

"Huko hakuna mafundi?"

"Wapo. Kuna mmoja jana tulimpita."

Cheche alisogeza sikio karibu zaidi na simu. "Kwenye mageti," alianza, na maneno yakamkwama hapo. Hakuyamalizia.

"Mko wapi?" kijana aliuliza.

Cheche aligeuza uso huku na huku, kushoto na kulia, kwenye moshi wake. Hakujua. Mkewe aliichukua simu akaanza kumsemea mwanawe barabara: daraja lenye ukingo uliobomoka, mteremko ng'ambo yake, mtaro mkono wa kulia ukitokea kwako, gari la mikate limewasha taa. Kijana alisema, "Sawa." Hakusema anakuja. Simu ikakatika.

Wifi alifunga mkono uliovimba kwa ubao wa kreti na kitambaa cha kufunikia mikate. Mara mbili alisema waondoke, mara ya tatu akaleta maji na kukaa nao. Cheche alikuwa ameilaza fremu mapajani, dole gumba bado liko kwenye ufa.

"Sema barabara," alimwambia mkewe.

"Lori la ng'ombe. Linakwenda tulikotoka."

"Halafu?"

"Pikipiki. Mtu na mzigo wa majani."

"Halafu?"

"Hakuna kitu."

"Endelea."

"Hakuna kitu. Hakuna." Alikinga jua kwa mkono mzima. "Kuna pikapu imetokea kwenye kona ile ya mbali, inatoka tunakokwenda. Nyuma ina kitu kizito, kimefunikwa turubai."

Cheche aliiweka fremu chini, akajishika kwenye bega la dada yake na kusimama. "Rangi gani?"

"Bado iko mbali," alisema mkewe. "Subiri. Bado iko mbali."