Suruali ya Drili na Shali la Baba

Enzi zetu chuoni nguo haikuvaliwa tu, ilipikwa. Nasema na wenzangu mliosomea ualimu Tanga mwishoni mwa miaka ya hamsini, mnaoijua harufu ya kanji. Jumamosi tulikoroga uji mwepesi wa unga wa muhogo, tukatia buluu kidogo, tukachovya nguo nyeupe na kuzianika penye upepo mpaka zikasimama zenyewe kama mbao. Kisha ikaja pasi ya mkaa wa vifuu: jivu likidondoka, kazi yote inarudi ndooni. Usiku suruali ililala chini ya godoro la usumba, nasi juu yake bila kugeukageuka. Alhamdulillahi, nguo zilikuwa chache na muda ulikuwa mwingi.

Mwaka ule vijana wa chuo walishikwa na suruali za kubana, miguu kama mirija. Nikanunua drili nyeupe, kile kitambaa kigumu cha pamba, dukani kwa Mhindi, baada ya kuivuta na kuinusa kana kwamba najua ninachotafuta, nikampelekea Fundi Mbwana aliyeshonea barazani, mtaa wa Usagara.

“Punguza hapa, fundi. Na hapa pia.”

Alinitazama juu ya miwani. “Bwana mwalimu, kusimama utasimama nayo vizuri. Kuinama je?”

“Mshonee tu, fundi,” wenzangu wakadakia. “Huyu hainami kwa mtu.”

Likizo nikarudi kwetu Kigombe, suruali nimeiviringisha ndani ya mkeka isikunjike. Ijumaa ile imamu wetu alikuwa amekaukwa sauti kwa kikohozi. Wazee wakamwambia baba kwamba mimi, niliyesoma Kurani mbele yake kabla ya kusoma kwa Wazungu, ndiye nitakayesalisha. Baba hakuwa mtu wa kusifu watoto. Lakini siku ile alioga mapema, akajitupia begani shali lake la Idi.

Mama alikuwa amenifulia kanzu. “I kitandani, mwanangu.”

“Mama, walimu siku hizi huvaa suruali.”

“Haya. Mungu hatazami nguo. Ila wa nyuma yako wana macho.”

Baba alisimama safu ya mbele, nyuma yangu kabisa. Nilisoma vizuri, na nilijisikia nasoma vizuri. Hapo ndipo palipokuwa na ubaya. Rukuu ilipita mshono ukilalamika. Niliposhuka kusujudu, uzi uliokaushwa na kanji ukakatika, suruali ikapasuka kutoka kiunoni hadi pajani kwa sauti ya kuti kavu. Kabla paji langu halijagusa mkeka, kitu chepesi kikaniangukia. Lilikuwa shali la baba. Tulifundishwa kwamba uchi ukifunuka ukasitiriwa papo hapo, sala haibatiliki. Yeye ndiye aliyenifundisha.

Niliinuka nimelifunga shali kiunoni, nikasoma rakaa ya pili kwa sauti isiyokuwa yangu. Lakini sala ikiisha, imamu hugeuka kuwaelekea watu. Nikageuka. Miaka mingi imepita, na uso unaniwaka hata sasa ninapoandika. Hakuna aliyecheka, laiti wangecheka. Wavuvi na wakulima walionijua tangu nikitambaa walikuwa wakiitazama mikeka yao. Kisha wakaja kunipa mkono, mmoja mmoja, kwa upole ulioniumiza kuliko fimbo.

Njiani baba alisema neno moja tu: “Umesoma vizuri.” Suruali hakuitaja, siku ile wala nyingine, mpaka Mola alipomchukua. Mama aliichana akaifanya vitambaa vya kushikia sufuria, na kila nilipokula kwake niliviona.

Leo mjukuu wangu yuko chuo kikuu. Nguo huagiza kwa simu, hufuliwa na mashine, na suruali zake hutoka dukani zikiwa zimetoboka magotini. Nilimwuliza kwa nini asidai abadilishiwe.

“Babu, ndivyo zilivyo,” akasema, akinihurumia.

Pengine wametuzidi akili. Sisi tulijitesa kwa kanji na godoro, tukapasukiwa mbele ya watu. Wao hununua iliyokwisha kupasuka, fedheha wakaimaliza dukani. Wala simkemei. Akija likizo humwachia atusalishe sebuleni, maana sauti yake ni nzuri, na mimi husimama nyuma yake kabisa, shali la baba begani, mkono tayari.