Sauti ya Chini, Kamuntu Anaporuka

Samaki mkavu ana harufu ambayo watu wengine huikimbia. Mimi huifuata. Nikipita sokoni nikakuta furushi la samaki wa Kinkondja, na karibu yake jenereta inakohoa moshi wa petroli, masikio yangu huanza kusikia muziki. Si wimbo wa kanisani wala wa dansi. Ni muziki mwembamba, wa haraka haraka, unaotekenya kama sisimizi aliyepotea njia shingoni mwa mtu. Msinicheke: ni muziki wa mchezo wa televisheni, na mpaka leo naujua wote, pamoja na ule mlio wa kufa.

Mchezo wenyewe ulikuwa kwa jirani yetu Mama Mujinga, pale Kamina, wakati wa vita. Mama Mujinga aliuza samaki. Aliwaleta kwa magunia kutoka Kinkondja, na samaki hao walikuwa wamemzalia jenereta, kisha televisheni, kisha kisanduku cheusi chenye kaseti ya manjano alichokinunua Lubumbashi ili binti yake Bea asizurure. Matokeo yake ni kwamba Bea hakuzurura, ila mtaa mzima ulizurura kwao. Na mkono mtupu haulambwi: kwanza ulifukuza nzi kwenye samaki walioanikwa uani, ukawageuza waliokauka upande mmoja, ndipo ukaruhusiwa kuketi sakafuni mbele ya kioo. Sote tulicheza tukinuka samaki, na mama zetu walijua tulikotoka kabla hatujafungua mdomo.

Ndani ya kioo aliishi mtu mdogo mwenye suruali ya kijani. Jina lake halisi hatukulijua, maana maandishi yote yalikuwa ya lugha yenye vijiti na visanduku, kwa hiyo tukamwita Kamuntu. Alikimbia, akaruka mashimo, akaruka kaa wekundu, akafa, akafufuka. Bea aliweza kumfikisha mbali, hadi chini ya maji. Mimi kaa wa kwanza tu alinimaliza kila siku. Zamu yangu iliisha upesi, nikabaki na masikio.

Na masikio yalikuwa mali ya nyumba yetu. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya, Mmethodisti wa kola iliyopigwa pasi hata siku ya kupalilia mihogo. Alitembea na kile chuma cha pembe mbili cha kutafutia sauti. Alikigonga gotini, akakiweka sikioni, kisha akatangaza kwamba mbuzi wa jirani analia noti ya fa, au kwamba dereva mpya wa gari-moshi anapiga honi vibaya. Kwetu mtoto alijua kutenganisha sauti kabla hajajua kutenganisha mchele na mawe. Ndivyo nilivyogundua kwamba muziki wa Kamuntu ulikuwa wa watu watatu. Mmoja juu aliimba wimbo. Wa pili alikimbia chini yake, akipanda na kushuka ngazi. Wa tatu alikuwa chini kabisa, anatembea kwa miguu mizito bila haraka. Pembeni kulikuwa na kitu kilichosema tsh, tsh, kama maharagwe ndani ya mkebe, lakini huyo sikumhesabu.

Sasa sikilizeni jambo lililonisumbua. Kila Kamuntu aliporuka, kisanduku kilipiga kelele, piu! na papo hapo yule wa chini alitoweka. Kamuntu akitua, yule wa chini anarudi. Na harudii pale alipokatiwa; anaingia mbele zaidi, mahali pake hasa, sambamba na wenzake. Je, wakati ule alikuwa wapi? Nilimuuliza Bea, akaniambia sauti ile inaogopa kuanguka shimoni. Niliona jibu hilo lina akili kidogo, lakini halikunitosha. Nikawa naketi macho yamefumbwa, mdomo wazi, nasubiri miruko.

“Ngoie,” Mama Mujinga aliniuliza, “weye unakuyaka huku kucheza, ao kuhesabu masauti?”

Labda nilipenda sauti ya chini kwa sababu ndiyo iliyokuwa imepungua kwetu. Kaka yangu Kasongo alikuwa kijana wa ndevu za kuhesabika, lakini aliimba besi nzito hivi kwamba benchi la kanisa lilitetemeka, na baba alisema mtoto huyu anaimba kwa miguu. Alikuwa amepanda gari-moshi la kwenda Kabalo kumchukua nyanya yetu, vita viliposemekana bado viko mbali. Kisha reli ikakatika. Hakuna tena gari lililotoka upande ule. Walitoka watu tu, kwa miguu na kwa baiskeli, na magodoro kichwani. Mama alisimama kando ya njia akimwuliza kila mmoja. Walikuwa watu wa heshima, walifikiri kwanza kabla ya kusema hapana.

Miezi ikapita, na mama akaanza kutaka kilio, yaani mikeka itandikwe, watu waje, mtoto aliliwe kama wanavyoliliwa watu. Shangazi zake kutoka Kabondo-Dianda walimuunga mkono.

“Tumulilie mutoto, tumalize,” alisema mama.

“Minyi sitalilia muntu mwenye sijue eko wapi,” alijibu baba, na mazungumzo yakaishia hapo. Yakaishia kweli, maana tangu siku ile walianza kusemeshana kupitia kwangu. Mama alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, ananiambia: “Ngoie, ambia papa yako, chakula iko pa meza.” Nami nilimgeukia baba na kumwambia, naye alinituma nirudishe asante. Nilichoka kuliko posta. Hatimaye mama alinunua kitambaa cheusi cha kichwani, akakiweka juu ya sanduku mahali ambapo baba lazima akione, na kunituma nikamwambie kwamba shangazi watafika, na Jumapili baada ya ibada mikeka itatandikwa, atake asitake.

Jumamosi hiyo nilisahau mazoezi ya kwaya. Baba akaja kunitafuta kwa Mama Mujinga akiwa na kijiti mkononi, amekunja uso kwa ajili ya nzi na kwa ajili yangu. Aliingia hadi mlangoni. Sote tuliganda, isipokuwa Bea, ambaye alikuwa chini ya maji na hangeweza kuganda. Nikasubiri kijiti. Hakikuja. Nilipoinua macho, baba alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, vile alivyofanya soprano wa pili akikosea.

“Simamisha ule muntu,” alimwambia Bea.

“Mwalimu, kama haruke, ile kaa itamukula!”

“Acha imukule. Minyi nasikiliza.”

Kaa akamla. Bea, kwa uchungu, akaanza tena, na baba akaketi sakafuni kati yetu na suruali yake ya pasi. Nikaona hapa pana nafasi yangu, nikamwuliza lile swali: sauti ya chini inakwenda wapi Kamuntu anaporuka? Alimwamuru Bea aruke, asimame, aruke mara mbili mfululizo, huku kidole chake kikigonga goti. Kamuntu alikufa vifo vya kila namna mchana ule. Mama Mujinga akaja kutazama, akarudi kwa samaki wake akitikisa kichwa. Hatimaye kidole cha baba kikagonga goti na sauti ikarudi pamoja nacho, dakika ileile, na baba akanishika bega kwa nguvu iliyonishangaza.

“Unasikia, Ngoie? Haikusimama. Inaimbaka tu. Ni siye njo hatuisikie.”

Jibu hilo lilinipendeza sana. Nilifikiri tumemaliza kuzungumza juu ya mchezo.

Mazoezi yalichelewa hadi jioni, na huko baba alituandikia wimbo ubaoni, do-re-mi kwa chaki, nami nikatambua: ulikuwa wa Kamuntu, umepunguzwa mwendo na kuvikwa maneno ya Kiluba ya kumshukuru Mungu. Bea, aliyekuja nasi kwa udadisi, alikosa pumzi kwa kicheko. Lakini kwenye mstari wa besi, katikati ya kiitikio, baba alikuwa ameacha pengo refu. Besi zetu zilikuwa zimebaki chache, na mmoja alikuwa mgeni, mzee aliyekimbia kutoka Malemba na sauti nzuri ndiyo mali pekee aliyoiokoa.

“Hapa, tata, unanyamaza,” baba alimwambia yule mzee. “Uhesabie mu moyo.”

“Juu ya nini, Mwalimu? Sauti niko nayo.”

“Najua. Ile fasi iko na mwenyewe,” alisema baba, akigusa lile pengo ubaoni kwa chaki.

Jumapili mama aliketi mbele, kitambaa cheusi kichwani, shangazi wawili kila upande kama walinzi. Tukaimba. Tulipofika kwenye kiitikio besi zikafunga midomo, na kanisa likawa jepesi ghafla, kana kwamba mtu ameondoa meza. Sisi wa juu tuliendelea peke yetu. Nilikuwa naogopa kuanguka, nikamwelewa Bea. Kisha besi zikarudi, zote mahali pake, na hapo mama akasimama na kutoka nje kabla ya sala.

Niliamini amekasirika. Nikamfuata. Alikuwa nyuma ya kanisa, ameegemea ukuta, na vidole vyake vilikuwa vinagonga paja, taratibu, kwa mwendo wa ule wimbo.

“Mama, Papa anauliza…” nilianza, kwa mazoea ya kazi yangu.

“Ile fasi,” alisema mama, “minyi nilimusikia.”

Mimi nilikuwa mtoto, nilichukua neno kama lilivyo. Nilirudi mbio kanisani nikainama kuchungulia chini ya mabenchi, nikafungua kabati la majoho, nikatazama nyuma ya mimbari, nikiwa na hakika kwamba baba amemficha Kasongo mahali. Nilikasirika nilipomkosa. Mama alikwenda nyumbani na shangazi zake, akawapikia, akawasindikiza. Mikeka haikutandikwa. Usiku ule alimwambia baba mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba chakula kiko tayari, nami nikafutwa kazi.

Kasongo hakurudi. Nawaambia wazi ili msisubiri kama tulivyosubiri. Reli ilitengenezwa, watu wa Kabalo walikuja, nyanya mwenyewe alifika akisema hakumwona. Baba alifariki bila kubadilisha neno, na mama akamfuata, na kwa miaka mingi nilikuwa na hasira kidogo na baba. Nilidhani alikuwa mkaidi tu, mtu asiyetaka kulia mbele ya watu.

Mwaka mmoja nilirudi Kamina kwa Pasaka. Kwaya ilikuwa imejaa, benchi la besi halina nafasi, vijana watupu ambao vita wanavisikia kwa masimulizi. Wakauimba ule wimbo. Na pale katikati ya kiitikio wote wakafunga midomo. Hakuna aliyewaonyesha ishara. Nililia kwa sauti, mimi mwanamke mzima, na mama mmoja akanipa leso.

Baada ya ibada nikamshika mkono mmoja wao, nikamwuliza kwa nini wananyamaza pale.

“Njo vile inaimbwaka, Mama. Pale besi inangojaka.”

“Na weye, pale, unafanyaka nini?”

Akanitazama kana kwamba namwuliza njia ya kwenda puani. “Naimbaka mu moyo. Kama hauimbe mu moyo, hautajua kurudia.”

Hapo ndipo nilipomwelewa baba. Kilio kina siku yake ya kukunja mikeka, na watu hurudi makwao. Yeye hakutaka siku hiyo ifike. Alimwekea mwanawe mahali pasipokunjwa, na akawafundisha watu wasiomjua kupalinda kila Jumapili kwa kukaa kimya, huku mioyo yao inaimba sauti yake. Nilimwuliza kijana yule jina lake, akanitajia. Kisha nami nikamtajia la kaka yangu, maana mtu anayelinda kiti kwa uaminifu hivyo anastahili kujua ni cha nani.